Gari la zamani la petroli limefeli kipimo cha moshi: anza na karatasi, malizia na katalitiki

Wengi wanaofeli kipimo cha moshi mara ya pili na ya tatu hupita njia moja. Wanatoka kituoni na karatasi mkononi, wanaikunja bila kuisoma, wanakwenda kununua katalitiki mpya au chupa ya dawa ya kumwaga kwenye tangi, kisha wanarudi na injini ileile yenye ugonjwa uleule. Katalitiki mpya huweza kulivusha gari siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa nayo imekufa, na gharama inaanza upya.

Katalitiki, kile chombo kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi kabla ya sailensa, ni nadra kufa chenyewe. Huuawa na injini iliyo mbele yake: petroli isiyoungua, oili inayopanda, maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Ndiyo maana hapa imewekwa karibu na mwisho. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu kila moja inasafisha njia ya inayofuata.

Mwongozo unahusu magari ya petroli tu, ya kabureta na ya injekta. Dizeli ina mambo yake.

## Vifaa vya kuandaa

- Karatasi ya majibu yenye namba zote, si neno "limefeli" peke yake
- Kitabu cha ufundi cha modeli ya gari lako
- Multimita ya dijitali
- Kisoma kodi cha OBD2, yaani mashine inayosoma namba za hitilafu (kodi) zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari, kama gari lina soketi yake. Chagua kinachoonyesha vipimo vya sensa injini ikiwa inawaka, si kodi tu
- Spana ya plagi na fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi ya plagi)
- Geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na geji ya presha ya mafuta
- Taa ya taiming (wakati plagi inapotoa cheche), kama gari lina distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi
- Chupa ya kupulizia maji
- Dawa ya kusafishia kabureta, na dawa nyingine maalumu ya kusafishia sensa ya hewa
- Plagi mpya, chujio la hewa, oili na chujio lake
- Glavu, miwani ya kukinga macho na kizima moto

Geji mbili na taa ya taiming azima kwa fundi. Huna sababu ya kununua kitu utakachokitumia mara moja. Kitabu cha ufundi usikikwepe. Namba nyingi humu ni za kawaida kwa magari mengi, lakini nafasi ya plagi, taiming na presha ya mafuta ni za injini yako, na zimo humo.

Onyo kabla ya kugusa spana. Gesi ya CO (kaboni monoksidi) haina rangi wala harufu, na inaua. Kazi yote ya injini inayowaka ifanyike nje, si gereji iliyofungwa, hata kama mlango umeachwa wazi kidogo. Ukiingia chini ya gari, liwe juu ya stendi, si jeki peke yake. Katalitiki ya moto huunguza ngozi kupitia nguo na inaweza kuwasha nyasi kavu, basi usiegeshe juu ya majani.

## Hatua ya 1: Isome karatasi

Vituo vingi hupima mara mbili: injini ikiunguruma yenyewe, na ikipigwa resi kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 kwa dakika. Viwango vya kufaulu hutofautiana kwa nchi na kwa umri wa gari, na kwa kawaida vimeandikwa pembeni ya majibu yako. Unachotafuta hapa ni jinsi namba zinavyokwenda pamoja.

CO, kwa asilimia, ni petroli iliyoungua nusunusu kwa kukosa hewa. Ikiwa juu, petroli ni nyingi kuliko hewa. HC, kwa sehemu kwa milioni au ppm, ni petroli iliyotoka bila kuungua. CO2 inaonyesha uunguaji ulivyo mzuri. Injini nzima hutoa karibu 14 hadi 15%. O2 ni hewa iliyobaki bila kutumika. Lamda ni uwiano wa hewa na petroli: 1.00 maana yake takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Chini ya 1 mchanganyiko ni mzito, petroli imezidi. Juu ya 1 ni mwepesi, hewa imezidi.

Gari zima lenye katalitiki, likipigwa resi, hutoa CO chini ya 0.2% na HC chini ya 100 ppm, lamda ikiwa kati ya 0.97 na 1.03. Gari la kabureta lisilo na katalitiki likitunzwa vizuri hukaa kwenye CO ya 1 hadi 3% na HC ya mamia machache.

Sasa linganisha na yako:

- CO juu, O2 chini, lamda chini ya 0.97: petroli imezidi. Kazi yako kubwa iko hatua ya 3 na ya 6.
- HC juu, O2 juu, CO ya kawaida au chini: kuna silinda inayomisi, yaani haiwaki inapopaswa. Hatua ya 4 na ya 5.
- CO na HC sawa, lakini O2 na lamda juu: ekzosi ina tundu linalovuta hewa. Hatua ya 7.
- CO na HC zimepita kiwango, lamda 1.00 au karibu kabisa nayo: injini inafanya kazi yake, katalitiki haifanyi. Huu ndio mpangilio pekee unaoielekea katalitiki moja kwa moja, na hata hapo usiruke hatua ya 3.
- NOx (oksidi za nitrojeni) juu: hatua ya 8.

Angalia pia ni kipimo kipi kilichofeli. Gari linalofeli likiunguruma lakini likapita likipigwa resi mara nyingi linavuta hewa ya wizi mahali fulani, au kabureta imerekebishwa vibaya upande wa mzunguko wa chini. Linalopita chini na kufeli juu litazame kwenye chujio la hewa, presha ya mafuta na katalitiki.

Ukimaliza hatua hii uwe na sentensi moja uliyoiandika: "Gari langu linakula petroli nyingi" au "Gari langu linamisi." Kama huna sentensi hiyo, soma tena.

## Hatua ya 2: Piga mashine, lakini usifute kodi

Kwa magari yenye soketi ya OBD2, chomeka kisoma kodi na uandike kila kodi iliyomo. Usiwe na haraka ya kuzifuta. Kufuta kodi au kuchomoa betri hurudisha majaribio ya ndani ya kompyuta kwenye sifuri, na pale ambapo kituo huchomeka mashine yake, gari litakataliwa kwa sababu majaribio hayajakamilika.

Kodi haitaji kifaa cha kununua. Kodi inayosema mchanganyiko ni mwepesi haisemi sensa ya oksijeni ni mbovu; inasema sensa imeona hewa nyingi, na mara nyingi sensa inasema kweli.

Tazama namba za marekebisho ya mafuta, zile asilimia zinazoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kiasi gani. Kati ya −10 na +10% hakuna la kutisha. Ikifika +20% injini ikiunguruma, kisha ikashuka ukipiga resi, hewa inaingia kwa wizi kupitia mpira uliopasuka. Ikiwa +20% na inazidi ukipiga resi, petroli haifiki ya kutosha au sensa ya hewa ni chafu. Ikiwa −20%, petroli inaingia bila kuitwa: injekta inavuja, regyuleta inayodhibiti presha ya mafuta imepasuka, au valvu ya mvuke wa tangi imekwama wazi.

Gari lisilo na soketi, endelea tu. Macho na pua vitakufikisha.

## Hatua ya 3: Joto na oili

Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi kwa makusudi. Kama kompyuta inaamini injini ni ya baridi hata baada ya kuendesha nusu saa, CO haitashuka hata ubadilishe nini.

Endesha dakika 20, kisha soma joto la maji kwenye mashine. Linapaswa kutulia kati ya 80 na 95°C. Likikwama kwenye 60, themostati imeachama wazi; ibadilishe. Kama geji ya dashibodi inaonyesha joto lakini mashine inaonyesha baridi, sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta. Chomoa plagi yake na uipime kwa multimita: sensa nyingi husoma omu elfu 2 hadi 3 zikiwa kwenye 20°C, na omu mia mbili hadi mia nne zikiwa kwenye 80 hadi 90°C. Isiyobadilika kutoka baridi hadi moto imekufa.

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni.

Kisha chomoa dipstiki na uinuse. Oili inayonuka petroli imechanganyika nayo, hasa kwenye gari la safari fupifupi. Mvuke huo hurudi ndani ya injini kupitia mpira wa kupumulia wa kreki (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kuungua kama petroli ya ziada. Badilisha oili na chujio. Kuna magari yanayovuka kiwango kwa hilo peke yake, hasa yaliyofeli kwa CO iliyozidi kidogo.

Hapo hapo chomoa valvu ya PCV, ile ya kupumulia kreki, uitikise sikioni. Nzima inagongagonga ndani. Iliyonyamaza imeganda kwa uchafu; isafishe au weka mpya.

## Hatua ya 4: Hewa

Chujio la hewa litoe na uliinue kwenye mwanga. Kama mwanga haupenyi, hewa nayo inapenya kwa shida. Kwenye kabureta chujio lililoziba hupandisha CO moja kwa moja.

Hewa ya wizi ni kazi ya subira zaidi. Mipira ya vakyumu (inayobeba mvuto wa hewa wa injini) ya gari la zamani hukauka na kupasuka kwa nyufa zisizoonekana mpaka uikunje kwa vidole. Ipitie mmoja mmoja: wa sevo ya breki, wa distributa, wa regyuleta ya mafuta, wa PCV, na midogo yote inayoingia kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda.

Kisha washa injini, iache iungurume, na upulizie maji kidogo kidogo kwenye maungio: gasketi ya manifodi, shingo ya kabureta, sili za injekta. Maji yakiziba ufa, mlio wa injini hubadilika kwa sekunde moja au mbili. Hapo ndipo penye tundu. Wengi hutumia dawa ya kabureta kwa kazi hii kwa sababu jibu lake ni kali zaidi, lakini inawaka, na ekzosi iko sentimita chache tu. Maji yanatosha. Epuka kuyaelekeza kwenye distributa na koili.

Sensa ya hewa, kwa gari lililo nayo, ipulizie dawa yake maalumu na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usiguse waya wake mwembamba kwa kitambaa wala kidole. Dawa ya breki au ya kabureta inaweza kuiua.

Utajua umefaulu injini ikitulia kwenye mzunguko mmoja bila kupanda na kushuka, na marekebisho ya mafuta yakirudi ndani ya 10%.

## Hatua ya 5: Moto wa plagi

Silinda ikimisi, petroli yake yote inatoka bila kuungua, na HC inaruka. Hewa yake pia inatoka ilivyo. Sensa ya oksijeni huiona hewa hiyo, ikaiambia kompyuta kwamba mchanganyiko ni mwepesi, na kompyuta ikaongeza petroli kwenye silinda zote. Sasa CO nayo imepanda, na petroli ile inakwenda kuungulia ndani ya katalitiki mpaka kauri yake inayeyuka. Plagi moja mbovu inaweza kuandika karatasi nzima ya kufeli.

Acha injini ipoe. Kufungua plagi kwenye silinda hedi ya alumini ikiwa ya moto huondoka na nyuzi zake. Puliza vumbi shimoni kwanza, kisha zitoe na uzipange kwa namba za silinda juu ya gazeti. Zisome:

- Kahawia hafifu au kijivu, kavu: silinda inaungua vizuri.
- Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole: petroli nyingi.
- Nyeusi, imelowa na inang'aa: oili inapanda. Kumbuka silinda hiyo; tutairudia hatua ya 9.
- Nyeupe, yenye malengelenge: joto kali, mchanganyiko mwepesi au taiming mbaya.
- Imelowa petroli: moto haufiki kabisa.

Plagi tatu za kahawia na moja nyeusi ni habari njema: tatizo liko kwenye silinda moja, na umeshajua ipi. Zote zikiwa nyeusi, tatizo ni la injini nzima, kwenye mafuta au sensa.

Weka mpya za namba inayotajwa na kitabu, si "zinazofanana". Pima nafasi kwa fila geji, ambayo kwa magari mengi iko kati ya 0.7 na 1.1 mm. Anza kuzifunga kwa mkono mpaka zigote ndipo uweke spana. Ikikaza mapema, toa na uanze tena, maana imeingia upande.

Waya za plagi zijaribu gizani. Washa injini usiku, nje, fungua boneti bila taa na upulizie maji membamba sana kuzizunguka bila kuzigusa. Waya uliochoka unaonyesha vicheche vya buluu vikirukia chuma cha karibu, na unasikia mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko wa injini. Ukiviona, badilisha seti nzima.

Kifuniko cha distributa kifungue na utazame ndani. Mstari mwembamba mweusi kama wa penseli kati ya ncha mbili ni njia ambayo umeme umejichimbia, na hausafishiki. Weka kifuniko na rota mpya. Gari la plantina (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili) lirekebishwe kwanza nafasi ya plantina hiyo, kisha taiming ipimwe kwa taa, kwa mpangilio huo, kwa sababu ukibadilisha nafasi ya plantina taiming nayo inahama.

Kufaulu hapa unakusikia kwenye bomba la nyuma: pumzi ya ekzosi inatoka mfululizo, bila kile kikohozi cha hapa na pale.

## Hatua ya 6: Mafuta

### Gari la injekta

Anza na regyuleta ya presha, kama yako ina mpira wa vakyumu juu yake. Chomoa mpira huo injini ikiwa inaunguruma na uunuse. Unapaswa kuwa mkavu. Ukikuta harufu kali au tone la petroli, ngozi ya ndani imepasuka na petroli inanyonywa moja kwa moja hadi kwenye manifodi. Hakuna sensa wala katalitiki itakayoshindana na hilo. Badilisha regyuleta.

Halafu pima presha. Injini nyingi za injekta hutaka kati ya bar 2.5 na 3.5, kitabu kitataja yako. Zima injini na utazame geji. Presha ikianguka haraka ndani ya dakika chache, kuna injekta inayovuja au valvu ya pampu isiyoshika. Injekta inayovuja hujitaja: plagi ya silinda yake ina masizi na injini huwaka kwa shida ikiwa ya moto. Toa presha kabla ya kulegeza bomba lolote, na weka sigara na simu mbali.

Dawa ya kusafisha injekta ya kuweka kwenye tangi ina kazi yake kwenye injekta zenye uchafu mwepesi. Haizibi injekta inayovuja, na haifufui katalitiki. Injekta mbaya zipelekwe kwenye mashine ya kusafishia.

### Gari la kabureta

Hakikisha kwanza choki, kile kifuniko kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi, inafunguka yote injini ikipata joto. Choki iliyokwama nusu ni sababu ya kwanza ya CO ya 6% na kuendelea, na tiba yake mara nyingi ni dawa ya kabureta na tone la oili kwenye mhimili wake. Kisha tazama floti, boya linalodhibiti petroli kwenye bakuli la kabureta: petroli ikifurika kwenye bakuli, hakuna skrubu itakayokuokoa. Sindano ya floti iliyolika hubadilishwa.

Sasa rekebisha. Injini iwe ya moto, chujio la hewa limefungwa mahali pake, taa na kiyoyozi vimezimwa. Weka mzunguko wa kuunguruma kama kitabu kinavyotaka. Zungusha skrubu ya mchanganyiko ndani polepole, robo mzunguko kwa mara moja, ukisubiri injini iitikie. Ikianza kuyumba, rudi nje mpaka itulie na kufikia mzunguko wake wa juu kabisa, kisha iingize tena kidogo tu mpaka mzunguko ushuke kwa chembe. Rudisha mzunguko wa kuunguruma kwa skrubu yake nyingine na urudie mara moja.

Kwenye kabureta nyingi kuingiza skrubu kunapunguza petroli. Zipo za zamani ambazo skrubu inatawala hewa, na kuingiza kunaongeza uzito wa mchanganyiko. Kitabu kitakuambia yako ni ipi. Usiikaze skrubu mpaka igote kwa nguvu. Ncha yake ikiharibika hairekebishiki tena.

Ukipata fundi mwenye kipima gesi, kazi hii imalizie kwake. Sikio hukaribia, kipima gesi hukamilisha.

## Hatua ya 7: Matundu ya ekzosi na sensa ya oksijeni

Ekzosi haivujishi nje tu. Kati ya pigo na pigo la gesi huvuta hewa ndani. Tundu lililo kabla ya sensa huifanya sensa ione hewa ambayo haikutoka kwenye injini, na kompyuta ikaongeza petroli bure. Tundu la nyuma huchafua kipimo cha kituo chenyewe.

Ziba bomba la nyuma kwa kitambaa kinene ulichokishika kwa glavu, kwa sekunde chache, msaidizi akiwa ndani. Injini inapaswa kusongwa. Ukisikia ss-ss mahali, fuata sauti. Masizi meusi kwenye maungio ni alama nyingine. Gasketi mpya au kuchomelea ndiyo dawa. Ukitumia silikoni karibu na sensa, iwe ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa, kwa sababu mvuke wa silikoni ya kawaida huitia sumu.

Sensa ya oksijeni ya zamani, ile ya zirkonia, ikiwa ya moto hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Itazame kwenye mashine au kwa multimita injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500. Kanyaga mafuta ghafla: iruke hadi 0.8 au zaidi. Achia: ianguke karibu na 0.1. Inayopanda na kushuka kwa uvivu imezeeka. Iliyokwama juu au chini usiilaumu kabla hujahakikisha hatua za 3 hadi 6, kwani yaweza kuwa inasema ukweli.

Ukifunga mpya, grisi ya kuzuia kukwama ipake kwenye nyuzi pekee. Ncha isiguswe.

## Hatua ya 8: Kama ni NOx

NOx huzaliwa pale joto ndani ya silinda linapopanda mno, karibu 1,370°C na kuendelea. Tafuta vitu vinavyopandisha joto: valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini) iliyoziba kwa masizi, rejeta iliyojaa kutu, taiming iliyowekwa mbele mno, mchanganyiko mwepesi. Anza na EGR. Itoe, kwangua masizi kwenye valvu na kwenye njia yake ndani ya manifodi, na uhakikishe inafunguka ikivutwa na vakyumu. Tahadhari na mpangilio wa kazi: ukirekebisha CO kwa kupunguza petroli kupita kiasi, NOx itapanda.

## Hatua ya 9: Pima kompresheni kabla ya kutumia pesa nyingi

Toa plagi zote, kata umeme wa koili na wa injekta, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata mpaka geji isipande tena. Fanya hivyo kwa kila silinda. Injini nyingi za petroli nzima hutoa bar 10 hadi 14, lakini muhimu zaidi ni usawa: tofauti isizidi 10 hadi 15%.

Silinda iliyo chini, mwagia kijiko cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi imepasuka kati yake.

Moshi nao una lugha. Wa buluu gari linapoondoka baada ya kuunguruma muda mrefu ni sili za valvu. Wa buluu muda wote ni ringi. Mweupe usiokoma kwenye injini ya moto, maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi. Kwa hali hizi usinunue katalitiki mpya. Oili na maji ya rejeta huacha mabaki yanayofunika uso wake, na ya pili itakufa kama ya kwanza.

## Hatua ya 10: Katalitiki

Umefika hapa kwa haki kama lamda ni 1.00, plagi ni za kahawia, kompresheni ni sawa, na bado CO na HC zimezidi.

Ikiwa imepoa, igonge taratibu kwa ngumi au nyundo ya mpira. Ikilia kama kopo lenye kokoto, kauri imevunjika. Gari lisilo na nguvu kwenye mwendo, kana kwamba limezibwa pua, huenda ni kauri iliyoyeyuka na kuziba. Kwa gari lenye sensa mbili, tazama ya nyuma injini ikiwa ya moto: inapaswa kukaa tulivu karibu na volti 0.6 au 0.7. Ikiigiza ya mbele kwa kupanda na kushuka vilevile, gesi inapita katalitiki bila kusafishwa.

Kabla ya kuihukumu, ipe nafasi moja. Iliyofunikwa masizi tu, baada ya injini kutengenezwa, inaweza kupona kwa mwendo wa nusu saa barabara kuu kwenye mizunguko 3,000. Isipopona, nunua inayolingana na injini yako. Zile za bei ya chini kabisa zina madini machache ya kazi ndani yake na huchoka mapema.

Wapo wanaoweka kipande cha bomba kuisogeza sensa ya nyuma ili taa ya injini izimike. Taa inazimika kweli. CO haishuki hata kidogo, na kituo kinapima CO.

## Hatua ya 11: Siku ya kurudi

Katalitiki huanza kazi ikifika karibu 250 hadi 300°C, na foleni ya kituo inaipoza. Kwa hiyo:

1. Kama ulifuta kodi, endesha siku kadhaa, mjini na barabara kuu, mpaka mashine ionyeshe majaribio yamekamilika.
2. Siku yenyewe endesha angalau dakika 20, sehemu ya mwisho kwa gia ya chini kidogo ili mizunguko ikae karibu na 3,000.
3. Kituoni usizime injini kama kanuni zao zinaruhusu. Foleni ikiwa ndefu, subiri zamu yako ikaribie, kisha piga resi 2,500 kwa dakika mbili au tatu.
4. Zima kiyoyozi, taa na redio.
5. Mwambie mpimaji injini imeshapata joto, na omba karatasi yenye namba hata ukifaulu.

Iweke karatasi hiyo kwenye gari pamoja na ile ya kufeli. Kipimo kijacho, CO ikisogea kutoka 0.05 hadi 0.15% wakati kiwango ni 0.2, bado umefaulu, lakini una muda wa kurudi hatua ya 3 bila presha ya foleni.